Kioo Kidogo Kilicho Karibu na Jicho

Mtu akisifu darubini husifu urefu wa bomba lake na upana wa kioo chake cha mbele. Hata vitabu vya historia hufanya hivyo: hutupa vipimo vya bomba, jina la aliyelitengeneza, na mwaka alipolielekeza mbinguni. Kile kipande kidogo kinachochomekwa upande wa pili, mahali jicho linapochungulia, hutajwa kwa nadra, maana chaweza kutiwa katika mfuko wa shati kikasahauliwa. Katika kurasa hizi nitakiita lenzi ya jicho. Katika miaka yangu ya kufundisha walimu nimekishika, nimekipangusa, na nimekigombea mbele ya wenye kushika fedha za chuo. Nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya yale binadamu aliyoyajua juu ya sayari aliyajua, au aliyakosa, kwa sababu ya kipande hicho. Na kwa bahati njema, mtu wa kipato kidogo anaweza kukichagua vizuri akiijua historia yake.

Kazi yake haina uchawi. Kioo cha mbele hukusanya mwanga na kuchora taswira ndogo ya sayari ndani ya bomba. Lenzi ya jicho ni kama kile kioo cha kukuzia ambacho mzee husomea gazeti. Huichukua taswira ile ndogo na kuikuza. Hesabu yake ni ya darasa la tano. Kila lenzi ina umbali wake wa fokasi, yaani mahali inapokutanisha mwanga. Gawanya umbali wa fokasi wa kioo cha mbele kwa ule wa lenzi ya jicho, utapata ukuzaji. Darubini yenye milimita 700, ukiitia lenzi ya jicho ya milimita 20, hukuza mara 35. Itie lenzi ya milimita 4, hukuza mara 175. Milimita zikipungua, ukuzaji huongezeka, na hapo ndipo mlango wa udanganyifu wa biashara ulipofunguliwa, kama nitakavyoeleza.

Galileo alipoelekeza bomba lake kwenye Mshtarii mwezi wa Januari 1610 na kuona miezi minne, lenzi yake ya jicho ilikuwa kipande kimoja kilichobonyea katikati. Lenzi ya namna hiyo huonyesha mambo wima bila kuyapindua, lakini uwanja wake wa kuonea ni finyu kupita kiasi. Kwa ukuzaji wa mara 20 hakuweza kuuona mwezi mpevu wote kwa mara moja. Ni kama kutazama uwanja wa mpira kupitia tundu la ufunguo. Mwaka huohuo aliitazama Zohali akaona kitu cha ajabu: sayari moja kubwa na mbili ndogo zimeigusa huku na huku, kama mzee aliyeshikwa mikono na wajukuu wawili. Mwaka 1612 akatazama tena, na wale wawili hawapo. Galileo alifadhaika, na ni haki yake. Miaka michache baadaye akaona kama masikio au vishikio vya chungu. Alikufa mwaka 1642 bila kujua alichokuwa akikiona.

Sisemi kwamba kosa lote lilikuwa la lenzi ya jicho. Vioo vya mbele vya siku zile navyo vilikuwa na mapovu na rangi za upinde wa mvua. Lakini Johannes Kepler alikwisha kuandika mwaka 1611 kwamba lenzi ya jicho iliyobinuka nje ingefaa zaidi. Ingeonyesha mambo kichwa chini, ndiyo, lakini uwanja wa kuonea ungepanuka sana. Nani anajali kama Zohali iko kichwa chini? Watu walichukua muda mrefu kuuzoea ushauri huo. Hatimaye Christiaan Huygens wa Uholanzi, akisaidiana na ndugu yake Constantijn kusaga vioo kwa mikono yao wenyewe, akaona mwezi mkubwa wa Zohali mwaka 1655 kwa ukuzaji wa mara 50 hivi. Mwaka 1659 akatangaza katika kitabu chake kwamba Zohali imezungukwa na pete nyembamba, tambarare, isiyoigusa sayari mahali popote. Wakati pete hiyo inapotuelekea kwa ukingo wake hatuioni. Ndiyo maana Galileo alipotewa na wale wajukuu wawili. Tazama basi: kati ya macho ya kwanza na maelezo sahihi imepita miaka 49, na pete zenyewe zilikuwa palepale kila usiku.

Katika miaka ya 1660 Huygens alitengeneza lenzi ya jicho ya vipande viwili vya kioo cha namna moja, vikitenganishwa na nafasi iliyopimwa. Nafasi hiyo ilipunguza rangi zinazoning'inia kando ya taswira, bila kuongeza gharama ya kioo cha pekee. Ilikuwa akili kubwa. Ila ilitengenezwa kwa ajili ya darubini za wakati wake, ambazo zilikuwa ndefu mno na nyembamba. Ukiitia katika bomba fupi na pana la siku hizi, huonyesha ukungu na rangi tena. Nalitaja hili kwa sababu lenzi ya Huygens haikufa pamoja naye. Ilibaki madukani zaidi ya miaka 300, imeandikwa herufi H ubavuni, ndani ya masanduku ya darubini za bei rahisi zilizotumwa duniani kote.

Sanduku moja la namna hiyo lilitufikia mwaka 1992 katika chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake, huko nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Lilikuwa zawadi kutoka ng'ambo. Kioo cha mbele kilikuwa na kipenyo cha milimita 60, na kilikuwa kizuri. Juu ya sanduku iliandikwa kwa tarakimu kubwa kwamba darubini hukuza mara 525. Ndani mlikuwa na lenzi tatu za jicho, za milimita 20, 12.5 na 4, pamoja na bomba la plastiki la kuzidisha ukuzaji mara tatu. Msomaji anaweza kufanya hesabu aone tarakimu ile ilikotoka: 175 mara 3. Lakini kuna kanuni ambayo tarakimu haiwezi kuivuka. Kioo cha mbele cha milimita 60 hakikusanyi mwanga wala undani wa kutosha kukuza zaidi ya mara 120 hivi. Kwa kawaida mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo ndio mwisho. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Ni sawa na kuongeza maji katika uji uliokwisha kuwa mwepesi.

Mkufunzi wetu wa fizikia aliwapanga wanachuo mstari nje ya bwalo, akaanza kwa lenzi ya milimita 4, kama sanduku lilivyomshawishi. Uwanja wa kuonea wa lenzi ile ulikuwa finyu kiasi kwamba, kwa mzunguko wa Dunia peke yake, sayari ilivuka kutoka upande hadi upande kwa sekunde 40 tu. Mwanachuo akiinama, akitafuta mahali pa kuweka jicho, kope zikigusa kioo, sayari imekwisha kuondoka. Aliyebahatika aliona duara la manjano likitetemeka.

"Umeona nini?" nilimwuliza mmoja.

"Mkuu, nimeona yai la kukaanga."

Wenzake walicheka. Lakini mwingine, binti mtaratibu ambaye hakuwa na mazoea ya mzaha, alibaki nyuma akaniuliza kwa heshima, "Samahani Mkuu, zile picha za vitabuni, wanaona kweli au wanachora tu?"

Swali lile lilinikaa moyoni. Hawa walikuwa walimu wa kesho, nao wangesimama mbele ya watoto wakisema Mshtarii ina mistari na Zohali ina pete. Mwalimu akiyasema hayo naye mwenyewe ameona yai la kukaanga, sauti yake itamsaliti. Chombo kibaya hakimnyimi mtu elimu tu. Humfundisha kutoamini elimu.

Mambo yalibadilika Julai 1994. Kimondo chenye mkia kilichogunduliwa mwaka 1993 na Carolyn na Eugene Shoemaker pamoja na David Levy kilikuwa kimevunjika vipande zaidi ya 20, na kati ya tarehe 16 na 22 Julai vipande hivyo vikaigonga Mshtarii kimoja baada ya kingine. Tulisikia redioni. Wakati huo Mshtarii ilikuwa karibu utosini kwetu saa moja usiku, jambo ambalo watu wa London au Chicago hawakuwa nalo; sisi tulio karibu na ikweta huzitazama sayari kupitia hewa kidogo, wao huzitazama zikiwa chini, kupitia hewa nyingi yenye mawimbi. Jioni ya tarehe 19 mkufunzi aliiweka kando ile lenzi ya milimita 4 akatia ya 12.5. Ukuzaji ukawa mara 56 tu, lakini Mshtarii ikaonekana kwa ukubwa unaozidi kidogo ule wa mwezi mpevu kwa macho matupu, ikiwa na mistari miwili ya kahawia. Na nje ya mistari hiyo, upande wa kusini, palikuwa na alama nyeusi kama tone la wino. Alama kubwa za wiki ile zilikuwa pana kuliko Dunia yetu. Mstari wa wanachuo haukwisha hadi saa nne, na baridi ya kipupwe ya huko si ya mchezo.

Kwa hiyo nikisoma habari za William Herschel huwa namwelewa kwa namna yangu. Herschel alikuwa mwanamuziki mjini Bath, Uingereza, akisaga vioo vyake nyumbani. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781 alikuwa akitazama nyota kwa ukuzaji wa mara 227 akaona moja iliyoonekana nene kuliko wenzake. Akafanya jambo dogo ambalo ndilo lililoandika jina lake: akabadilisha lenzi ya jicho. Akatia ya mara 460, kisha ya mara 932. Alijua kwa mazoea kwamba nyota, kwa kuwa ziko mbali mno, hazinenepi kwa kadiri ya ukuzaji. Ile ilinenepa. Mwanzoni aliidhania kimondo chenye mkia, lakini ilikuwa sayari Uranus, ya kwanza kugunduliwa tangu watu waanze kuandika. Majina yetu ya Kiswahili yanashuhudia hilo: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali tuliyapokea kutoka Kiarabu, kwa kuwa wazee wa zamani walizijua sayari hizo; Uranus haikuwa na jina la kupokea.

Herschel alikuwa na lenzi ndogo mno, nyingine kama punje, na aliwahi kudai ukuzaji wa zaidi ya mara elfu sita. Wenzake walitia shaka, nami sioni ajabu. Lakini ugunduzi wenyewe ulianza kwa 227, si kwa elfu sita. Tena lenzi zake zilikuwa kipande kimoja kimoja. Alijua kwamba kila kipande cha kioo kinachoongezwa hula mwanga kidogo na kutawanya mwingine, akaona afadhali uwanja finyu wenye taswira safi.

Baada yake mafundi walikuja mmoja mmoja. Jesse Ramsden wa London alitoa mpango wake wa vipande viwili mnamo 1782. Carl Kellner wa Wetzlar, Ujerumani, aliuboresha mwaka 1849 kwa kugandisha vioo viwili vya namna tofauti ili kuua rangi; alikufa mwaka 1855 akiwa na miaka 29, na karakana yake ndiyo iliyokuja kuwa ya Leitz. Georg Simon Plössl wa Vienna alitumia jozi mbili kama hizo mwaka 1860, vipande vinne kwa jumla. Na mwaka 1880 Ernst Abbe wa Jena akatoa mpango wake, vipande vitatu vilivyogandishwa na kimoja peke yake, uitwao othoskopiki, yaani usiopindisha mistari iliyonyooka. Huyu Abbe nampenda kwa sababu nyingine pia. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi, akisimama hadi saa 16 kwa siku. Abbe alipopata mamlaka katika kiwanda cha Zeiss aliweka siku ya kazi ya saa nane mwaka 1900, wakati wakubwa wengi wa viwanda hawakutaka kulisikia jambo hilo.

Mpango wa Plössl ulikuwa na nyuso nyingi za kioo zenye kurudisha mwanga, hivyo ulisubiri. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akifanya kazi hapo Zeiss, alipata njia ya kupaka kioo utando mwembamba unaozuia mwanga usirudi nyuma. Tangu hapo vipande vinne havikuwa tatizo tena. Kuanzia miaka ya 1980 lenzi za Plössl zikaenea, viwanda vya Taiwan na China vikazitoa kwa wingi, na bei ikashuka mpaka mwalimu wa kawaida akaweza kuifikiria moja bila kuuza mbuzi.

Wakati huohuo Al Nagler wa Marekani, ambaye awali alibuni vioo vya mitambo ya kuwafunzia wanaanga wa Apollo, alitoa lenzi yenye uwanja wa digrii 82, karibu mara mbili ya zile za zamani. Waliozitumia husema ni kama kutoa kichwa nje ya dirisha la meli. Nazo ni ghali. Moja yaweza kuizidi bei darubini nzima. Hapa ndipo mnunuzi mwenye fedha kidogo anapaswa kutulia. Fedha nyingi ya lenzi pana hulipia kingo za uwanja, ziwe safi kama katikati. Sayari ni kitu kidogo, nayo hukaa katikati. Katikati ya Plössl nzuri, au othoskopiki ya Abbe, huwezi kuona tofauti inayolingana na tofauti ya bei. Wapo wanaoshikilia hata leo kwamba kwa sayari vioo vichache ndivyo bora, na Herschel angewaunga mkono.

Ila nisiwe mbaguzi. John Dobson, mtawa wa zamani wa San Francisco, tangu mwaka 1968 alikuwa akiweka darubini zake za mbao kando ya barabara ili wapita njia watazame bure. Darubini ya namna yake haina mota. Husukumwa kwa mkono. Mbingu huhama upana wa mwezi mpevu kila dakika mbili, na kwa ukuzaji wa mara 70, Plössl yenye uwanja wa digrii 50 hukupa karibu dakika tatu kabla ya kusukuma tena. Kwa mtazamaji mmoja zinatosha. Kwa darasa la watoto 45 mtu atatamani zaidi, na asilaumiwe.

Kwa anayeanza, lenzi mbili na nusu zinatosha. Ya milimita 25 ya kutafutia, na ya milimita 10 ya kutazamia. Ile nusu ni lenzi ya Barlow, iliyotokana na Peter Barlow, mwalimu wa hesabu wa Woolwich, katika miaka ya 1830. Hutangulia lenzi ya jicho na kuzidisha ukuzaji mara mbili. Na wakati Plössl ya milimita 4 hulazimisha jicho kukaribia kioo kwa milimita tatu hivi, Barlow haiondoi ile nafasi ya kupumua ya lenzi ndefu. Watoto hawaogopi kuinama, na wazee hawachafui kioo kwa kope. Kabla ya kununua, pima tundu la darubini: za zamani huwa na milimita 24.5, za sasa 31.7.

Na mzee mwenzangu mwenye miwani ya kusomea, ivue. Darubini yenyewe hurekebisha kasoro hiyo kwa kusogeza lenzi mbele au nyuma. Ukiona vinyuzi vikielea mbele ya sayari, usimwite fundi. Vimo ndani ya jicho lako, na ukuzaji mkubwa huvionyesha kwa kuwa mwanga unaotoka ni mwembamba kama uzi. Punguza ukuzaji, vitafifia.

Pete za Zohali zilituelekea kwa ukingo tarehe 23 Machi 2025, kama zilivyomfanyia Galileo mwaka 1612. Mwaka hadi mwaka zinafunguka, na mwaka 2032 zitafika upeo wake. Katika darubini ya milimita 60 kama ile ya chuo, kwa lenzi ya milimita 10 na ukuzaji wa mara 70, nafasi nyeusi kati ya pete na tufe itaonekana pande zote mbili.